Chuma kile kile, puli mbili tofauti

Swali la fundi wa Pongwe, Tanga: "Shikamoo mwalimu. Nasubu puli za mashine za kusaga na bushi za korona, zile mashine za kuchakata mkonge. Tanuri langu ni la chungu, nachoma kwa oili chafu na feni, kilo 60 kwa mpigo mmoja. Nachanganya ngoma za breki za malori na vipande vya nondo, nondo kama moja ya tano, maana niliambiwa nondo inaongeza nguvu. Puli ina ukingo wa milimita 6 na ukuta wa kitovu wa milimita 24. Mpigo mmoja unajaza kalibu sita. Puli mbili za mwanzo fundi wa lezi anazikereza bila shida, lakini mbili za mwisho zinavunja kisu kwenye ukingo, na ukizivunja ndani ni nyeupe. Tangu masika yaanze, karibu zote zina vitundu chini ya ngozi, na kitovuni kumekuwa kama sponji. Moja niliyomuuzia mtu wa Muheza imepata ufa kwenye mkono, ule unaounganisha kitovu na ukingo. Muuza chakavu anaapa mzigo ni ule ule. Je, ananidanganya? Na kwa kuwa sina maabara, nitajuaje?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na muuza chakavu, maana naona moyo wako umeshamgeukia. Mwache kwanza. Puli mbili za mwanzo zimetoka nzuri na mbili za mwisho zimetoka mbaya, na zote ni za chungu kimoja. Chakavu kibovu huharibu chungu kizima, hakichagui kalibu. Kilichobadilika kati ya kalibu ya kwanza na ya sita ni muda na joto, na vyote viwili viko mikononi mwako.

Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, kwa kawaida kati ya asilimia 2.5 na 4. Kikiwa uji, kaboni hiyo imeyeyuka ndani yake kama chumvi ndani ya maji ya bahari, huioni. Uji ukianza kuganda, kaboni inakosa pa kukaa na lazima itoke, nayo ina njia mbili. Ikipata nafasi hujikusanya peke yake ikawa grafiti, vipande vyembamba vyeusi vilivyotawanyika ndani ya chuma. Ukivunja, pavunjikapo ni kijivu na masizi yanabaki kidoleni. Ikikosa nafasi hushikamana na chuma na kufanya nacho kitu kimoja kigumu mno kinachoitwa sementaiti. Ukivunja, panameta kama fedha. Chuma cha kijivu kina ugumu wa 200 hivi kwa kipimo cha Brinell. Cheupe hupita 400, na hapo kisu cha kawaida cha lezi hakina lake.

Kinachoamua njia ni tofauti ndogo ya joto. Katika mchanganyiko wa chuma na kaboni peke yake, grafiti inaweza kuanza kutoka kwenye nyuzi 1153 za Selsiasi, na sementaiti kwenye nyuzi 1147 hivi. Nyuzi sita tu! Silikoni hulipanua pengo hilo, ndiyo sababu chuma cha kijivu hakisubiwi bila asilimia 2 hivi ya silikoni. Uji ukipoa taratibu, grafiti inazaliwa mapema na kumaliza kaboni kabla sementaiti haijapata zamu yake. Ukipoa kwa kasi, uji unalipita pengo lile kabla grafiti haijajiunda, na weupe unatawala.

Sasa tazama puli yako. Mwaka 1940 mhandisi Nicolas Chvorinov alionyesha kwamba muda wa kuganda hufuata mraba wa ujazo uliogawanywa kwa eneo la ngozi inayopoteza joto. Kwa lugha ya karakana: bapa lenye unene mara nne ya jingine halichukui muda mara nne kuganda, linachukua mara kumi na sita. Ukingo wako ni milimita 6 na ukuta wa kitovu ni 24. Kwa hiyo kwenye puli moja una vyuma viwili, kimoja kilichoganda mbio na kingine kilichopewa muda mara kumi na sita zaidi. Umeona mabwawa ya chumvi huku pwani yetu. Maji yakikaushwa na jua kali kwa haraka, chumvi inatoka ya unga. Bwawa likiachwa litulie, inatoka ya mawe. Grafiti ni hivyo hivyo: kitovuni itakuwa mikubwa na minene, ukingoni midogo, na kasi ikizidi haitatoka kabisa.

Ukubwa huo si jambo la kupendeza macho tu. Kila kipande cha grafiti ndani ya chuma ni kama ufa uliokwisha kuwapo, kwa sababu grafiti yenyewe haina nguvu ya kuvutwa. Ndiyo maana chuma cha kijivu hustahimili kugandamizwa mara tatu au nne kuliko kuvutwa. Vipande vikiwa vifupi na vimetawanyika vizuri, chuma kinashika. Vikiwa virefu na vimegusana, kinakatika kwa nguvu ndogo. Kwa hiyo hutaki weupe, na hutaki pia grafiti mikubwa kupita kiasi. Unatafuta katikati, na mahali pa kupatafuta ni kwenye uji kabla hujamimina.

Tuje kwenye nondo. Aliyekuambia inaongeza nguvu hakusema uongo, ila alikuwa anazungumzia tanuri jingine. Kwenye lile tanuri refu la makaa ya koki, kupola, chuma hudondoka katikati ya makaa na kunywa kaboni njiani, kwa hiyo nondo inafika chini ikiwa imeshalishwa. Kwenye chungu chako haina pa kunywea. Hebu tupige hesabu. Tukadirie ngoma ya breki ina kaboni asilimia 3.4 na silikoni 2, na nondo ina 0.2 ya kila kimoja. Nne kwa moja inakupa kaboni 2.76 na silikoni 1.64. Mafundi wa kusubu hujumlisha kaboni na theluthi ya silikoni (na theluthi ya fosforasi ikiwapo) wapate namba moja ya kupimia uji. Ngoma peke yake ni karibu 4.07. Mchanganyiko wako ni 3.31. Kwa ukingo wa milimita 6 mimi nisingekubali chini ya 4, na ningependa 4.2.

Namba hiyo ikishuka, mambo mawili hukupata kwa pamoja. Uji unapoteza hamu ya kutoa grafiti, na pia unaanza kuganda mapema zaidi. Ule wa 4.07 unaanza kuganda karibu na nyuzi 1180, wako karibu na nyuzi 1270. Umejinyima nyuzi 90 za kutembea nazo kutoka kalibu ya kwanza hadi ya sita. Ukifika ya sita uji umeshakuwa mzito na uko karibu na kuganda. Unagusa mchanga baridi kwenye ukingo mwembamba na unaganda papo hapo. Hizo ndizo puli zako mbili nyeupe. Acha nondo. Kama huna ngoma za kutosha, punguza mpigo.

Kuna jingine ambalo hukuliandika, lakini naliuliza kwa sababu limeniumiza mimi mwenyewe. Uji ukishaiva, unakaa kwenye tanuri muda gani kabla hujamimina? Nilipokuwa kijana kwenye karakana moja hapa Tanga, tuliyeyusha asubuhi, tukagundua kalibu hazijakauka. Mkubwa wetu akaamuru moto usizimwe, tungoje. Tulingoja karibu saa mbili. Tulipomimina, uji ulikuwa wa moto kuliko siku zote, unatiririka kama maji, na kila mtu akafurahi. Vyote vilitoka vyeupe. Chakavu kilikuwa kile kile cha wiki iliyopita.

Sababu ni hii. Grafiti haizaliwi hewani, inahitaji mbegu: chembe ndogo sana za salfaidi ya manganizi na za oksaidi zinazoelea ndani ya uji, ambazo kaboni inazishika na kuanza kujenga juu yake. Ukiupandisha uji kupita nyuzi 1500, au ukiuweka muda mrefu kwenye moto mkali, mbegu hizo zinayeyuka au zinapanda juu na kuondoka na mavi ya chuma. Wakati huo huo mwali wenye hewa nyingi wa tanuri la oili unaunguza kaboni, silikoni na manganizi. Ukiutazama uji unaona umekuwa safi, kumbe umekuwa tasa. Kwa hiyo kalibu zote sita ziwe zimefungwa na kukauka kabla hujawasha moto. Uji ukifika nyuzi 1400 hivi, toa mavi, mimina. Uji hausubiri mtu.

Na mbegu unaweza kuzipanda mwenyewe. Ferosilikoni, yaani chuma kilichochanganywa na silikoni, yenye silikoni asilimia 75 na kalisi kidogo ndani yake, iliyopondwa kufikia chembe za milimita 1 hadi 5 na kukaushwa vizuri, itie kwenye upawa mkavu uliopashwa moto wakati uji unamwagika ndani. Kiasi ni asilimia 0.3 tu ya uzito, yaani gramu 180 kwa kilo zako 60. Nimewaona vijana wakitia kilo nzima wakidhani wingi ni nguvu, wakaambulia chembe zisizoyeyuka zimekaa ndani ya ukingo kama kokoto kwenye wali. Kumbuka nguvu ya mbegu hizi hufifia. Baada ya dakika 8 au 10 sehemu kubwa imepotea. Ukiwa na kalibu sita na msaidizi mmoja, gawanya: mimina tatu, kisha tia tena kiasi kwa tatu za pili.

Uliuliza utajuaje bila maabara. Hapa ndipo nataka ukae nami kidogo, maana ndilo swali zuri kuliko yote uliyoniletea. Tengeneza kiolezo cha kabari. Mimi hutumia chenye kitako cha milimita 19 na kimo cha milimita 38, urefu wa kiganja. Kipige chapa kwenye mchanga mkavu uliogandishwa kwa mafuta na kuokwa, ili kila siku hali iwe moja. Kabla hujamimina kalibu ya kwanza, chota uji kidogo, jaza kabari. Ikishaganda na kushuka hadi wekundu hafifu, itumbukize majini kwa koleo, kisha ivunje katikati kwa nyundo. Dakika tatu au nne zimetosha. Ncha ya kabari imepoa haraka kuliko kitako, kwa hiyo ncha itakuwa nyeupe na kitako kijivu. Angalia palipo mwisho wa weupe na upime unene wa kabari hapo hapo. Weupe ukikoma mahali penye unene wa milimita 2 au 3, ukingo wako wa milimita 6 uko salama. Ukifika mahali penye unene wa 6, usimimine puli. Tia ferosilikoni, piga kabari nyingine. Andika daftarini namba ya kila mpigo pamoja na mchanganyiko wake, na baada ya mipigo kumi utakuwa unalijua tanuri lako kuliko mtu yeyote wa kukuambia.

Kwenye chakavu chenyewe, chambua mambo matatu. Risasi ni adui mkubwa. Hata sehemu chache za elfu moja ya asilimia, kutoka kwenye beringi za injini au kipande cha betri, huiharibu sura ya grafiti na nguvu ya chuma ikashuka vibaya bila wewe kuona lolote kwa jicho. Alumini, mara nyingi pistoni iliyojificha kwenye lundo, huufanya uji uivute haidrojeni kutoka kwenye unyevu. Na kwa kuwa sisi Tanga tuna reli, angalia viatu vya breki za treni. Baadhi vimetiwa fosforasi kwa makusudi, asilimia 1 au zaidi. Uji wake unatiririka vizuri sana na utakushawishi, lakini fosforasi hubaki nyuma kama uji hadi mwisho kabisa, inaganda ya mwisho kwenye mipaka ya chembe, na kuacha utando mgumu unaovunjika ovyo. Kwa bushi inayosuguana kidogo hauna ubaya. Kwa mkono wa puli, hapana.

Salfa watu huilaani tu, lakini kwa chuma cha kijivu inahitajika kidogo, maana ndiyo inayofanya zile mbegu pamoja na manganizi. Ila manganizi lazima iitoshe. Kanuni ya zamani ni kuzidisha salfa kwa 1.7 na kuongeza 0.3, ndiyo asilimia ya manganizi unayohitaji. Ngoma za breki kwa kawaida zimeshasawazishwa, kwa hiyo usisumbuke nalo.

Vitundu vya masika sasa. Vitundu vidogo vya mviringo chini tu ya ngozi, vinavyoonekana baada ya kukereza, kwa kawaida ni haidrojeni: maji ya mchangani yamekutana na chuma, yakavunjika, haidrojeni ikaingia kwenye uji na kushindwa kutoka ulipoganda. Mchanga wa kalibu mbichi ushikane ukiufumba kiganjani lakini usiache umande mkononi. Asubuhi za Aprili huku kwetu mchanga ulioachwa wazi usiku hauwezi kuwa hivyo, basi ufunike. Na kama unauchota ufukweni, acha. Mchanga wa bahari una vipande vya makombe, ambavyo ni chokaa mbichi. Ukivipiga joto la chuma vinatoa gesi, na chumvi iliyomo inavuta unyevu hata ukiuanika. Tumia wa mtoni, uoshe, uuchekeche.

Sponji ya kitovuni si gesi. Ukingo na mikono vimeganda kwanza, kitovu kikabaki na uji ambao ukisinyaa hauna pa kuongezewa. Chuma cha kijivu kina neema moja hapa: grafiti ikitoka inachukua nafasi kubwa kuliko kaboni iliyoyeyuka, kwa hiyo chuma kinajisukuma na kujaza mapengo yake. Lakini ukikipa kaboni kidogo, grafiti ni chache na msukumo huo unapungua. Cheupe hakina kabisa. Na hata ukiwapo, kalibu iliyoshindiliwa kizembe itatanuka badala ya kuuzuia, na nafasi itabaki ndani. Kwa hiyo shindilia mchanga barabara kuzunguka kitovu, weka tangi la kulishia (nafasi ya uji wa akiba) juu yake, pana kuliko ukuta wenyewe ili lichelewe kuganda, na mpigo mmoja jaribu kuweka kipande cha chuma kikavu kisicho na kutu kwenye uso wa chini wa kitovu ili kivute joto. Chuma chenye kutu au umande kikiguswa na uji kinarusha moto usoni. Nimeona mguu wa mwenzangu ulivyoungua kwa upawa usiopashwa, sitaki kuona wako.

Zile puli nyeupe usiziyeyushe bado. Mfaransa Réaumur aliandika tangu 1722 jinsi chuma cheupe kinavyoweza kulainishwa kwa moto. Kama weupe uko ukingoni tu, zipange tanurini, zipandishe taratibu hadi nyuzi 900, zikae hapo saa mbili au tatu, kisha zima moto na uziache zipoe humo humo hadi kesho yake. Sementaiti itaachana na kuwa grafiti, na lezi itakata. Na siku ukiletewa kazi ya sahani za kusagia, geuza somo lote kichwa chini: pale weupe ndio unaotakiwa, na utaupata kwa kuweka bamba la chuma kwenye uso wa kalibu.

Najua utaniuliza kuhusu chuma kisichovunjika, kile chenye grafiti ya mviringo. Alikigundua Keith Millis wa Marekani mwaka 1943 kwa kutia magnesi kwenye uji, na ni kweli kinapindika badala ya kukatika. Lakini magnesi huchemka kwenye nyuzi 1090 hivi. Ukiitupa kwenye uji wa nyuzi 1400 inalipuka kwa mwanga na kurusha chuma. Kazi hiyo inataka upawa mrefu wenye kifuniko, aloi maalumu, na uji wenye salfa ndogo sana. Usiijaribu peke yako Pongwe.

La Muheza nimeliacha mwisho kwa sababu haliwezi kungoja. Puli iliyoganda vibaya hubaki na mvutano ndani: ukingo umeshaganda na kusinyaa, kitovu kinafuata baadaye na kuvuta mikono. Ukiitoa mchangani ingali nyekundu, mvutano unazidi, basi kuanzia sasa ziache kalibuni hadi asubuhi. Ufa wa mkono una maana mvutano huo umeshashinda. Kama puli hiyo ina kipenyo cha milimita 300 na mota inazunguka mara 1450 kwa dakika, ukingo wake unakwenda karibu mita 23 kwa sekunde, na watu wanasimama hapo na ndoo zao za mahindi. Usiichomelee. Mpigie mwenye mashine leo, mwambie azime, na umpelekee moja ya zile mbili za mwanzo za mpigo mwingine, uliyoigonga kwa nyundo ndogo ukaisikia inalia vizuri bila kukwaruza. Kisha nitumie picha ya kabari yako ya kwanza.